Mnunuzi Siye Mlaji

Farasi akisogezewa robota la nyasi kavu, huanza na pua. Hunusa, husukuma kwa midomo, huchambua mashina kwa utulivu usiotarajiwa kwa mnyama wa kilo 500, kisha huamua. Akiligeuzia hori mgongo, mwenye farasi ana shida mbili kwa mpigo: mnyama wake ana njaa, na ghalani kuna marobota ya mzigo uleule ambayo yameshalipiwa. Kwenye mazizi ya Karen na ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi, ambako nyasi za Rhodes huletwa kwa malori, ubishi wa namna hii haumshangazi mtu. Muuzaji atasema nyasi ni zilezile za mwezi uliopita. Mnunuzi atasema farasi wake hawajawahi kugoma. Mwenye ushahidi ni farasi, naye hana ulimi wa kesi.

Mbozi Mission, mkoani Songwe, Tanzania, si nchi ya farasi. Kwa vizazi vingi ndorobo na tauni ya farasi, ambayo huenezwa na wadudu wadogo wa jamii ya usubi na inaweza kuua farasi tisa kati ya kumi walioambukizwa bila kinga, vilimfukuza mnyama huyu katika sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki. Lakini hori lipo Mbozi, na kugoma kula kupo. Mvua zikikatika na majani ya kando ya mashamba ya kahawa yakikauka, wafugaji hukusanya mabua ya mahindi, na mwenye ng'ombe wa maziwa au nguruwe hununua pumba na mashudu ya alizeti kutoka mashineni Mlowo au Vwawa. Kiroba hufunguliwa, pumba humwagwa, ng'ombe hunusa, hupuliza pumzi moja nzito na kuondoka.

Hapo ndipo biashara ndogo ya kiroba kimoja inapozaa swali ambalo wanafalsafa, mafakihi na wachungaji wamelijadili kwa zaidi ya miaka 2,000: muuzaji anadaiwa nini kuhusu yale anayoyajua na mnunuzi hayajui? Biashara ya chakula cha mifugo ina tabia moja inayoitenga na biashara nyingine na kulifanya swali hili liwe zito zaidi. Anayenunua siye anayekula. Anayelipa hawezi kuionja bidhaa, na anayeionja hana fedha, hana risiti wala mlango wa kupeleka malalamiko. Mapatano yanafanywa na watu wawili juu ya tumbo la wa tatu.

Waumini wa Kimoraviani wa Mbozi wana kisa cha mnyama aliyegoma ambacho wamekisikia tangu Shule ya Jumapili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, punda wa Balaamu anakataa kwenda mbele kwa sababu amemwona malaika mwenye upanga njiani. Balaamu, mtu aliyekodiwa na mfalme kwa sifa ya kuona yasiyoonekana, haoni kitu. Anampiga punda mara tatu. Watu wengi hukumbuka muujiza wa punda kusema, ila sehemu inayomhusu mfugaji ni ile iliyotangulia: mnyama mtiifu wa miaka mingi anabadilika ghafla, na jambo la kwanza linalomjia mwenye mnyama ni hasira. Hajiulizi kwa nini.

Kipigo cha Balaamu bado kipo, ila kimebadili sura. Mfugaji husema ng'ombe anadeka. Husema njaa itamfundisha adabu, akimwacha hadi kesho atakula tu. Na kweli, mara nyingi atakula. Mnyama aliyefungwa bandani hana soko jingine la kwenda, na njaa ya siku mbili inaweza kumfanya ale hata kile alichokikataa akiwa na akili timamu. Kula huko hakumsafishi muuzaji, na hakumsafishi mwenye ng'ombe pia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtaka mwenye mnyama amkinge na njaa na kiu. Kumlazimisha mnyama kwa njaa ili amalize mzigo mbovu ni kukwepa wajibu huo huku hori likionekana limejaa.

Hata hivyo shahidi hachukuliwi neno lake bila kuhojiwa. Farasi anaweza kukataa nyasi nzuri kabisa kwa sababu jino limevunjika na linamchoma shavuni. Ng'ombe mwenye homa ya ndigana hugoma pumba safi. Mnyama aliyehamishwa ghafla kutoka kwenye majani laini hadi nyasi zilizokatwa zikiwa zimeshatoa mbegu ataona amepewa vijiti, na kosa hapo ni la aliyechelewa kukata, au la mnunuzi aliyetaka bei ya chini. Mwenye haki hawezi kumfuata muuzaji na maneno makali kabla hajafungua kinywa cha mnyama wake na kumpima joto.

Kisha ni zamu ya mzigo. Robota linafunguliwa katikati, kwa sababu nje huwa pazuri siku zote. Mkono unaingizwa ndani. Nyasi zilizofungwa zikiwa bado na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 huanza kupata joto zenyewe, na mkono utalisikia joto hilo. Baadaye joto likiisha hubaki nyuzi nyeupe za ukungu, mashina yaliyogandamana, na vumbi linaloruka kama majivu robota likitikiswa. Harufu ya nyasi nzuri humkumbusha mtu shamba. Ile ya nyasi zilizoungua ndani humkumbusha tumbaku au sukari iliyokaangwa, na ile ya ukungu haihitaji mwalimu. Kwa pumba, kiganja hutosha: pumba iliyochanganywa na maganda ya mpunga yaliyosagwa hukwaruza, na ikitiwa majini maganda hayo huelea. Mfugaji mwangalifu huweka mzigo mpya upande mmoja na mabaki ya zamani upande wa pili, akamleta mnyama mwingine mwenye afya. Naye akichagua cha zamani, mzigo una kesi ya kujibu.

Farasi ana sababu ya kuwa mkali kuliko ng'ombe. Maumbile hayakumpa uwezo wa kutapika; kilichopita koo kimepita, na tumbo likichafuka linaweza kumuua kwa siku moja. Nguruwe naye ana historia yake katika maabara. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliichuja kutoka kwenye mahindi yenye ukungu sumu iliyowafanya nguruwe watapike au wagome kula, wakaiita vomitoksini. Mnyama aliyeonekana mkaidi alikuwa ameshafanya uchunguzi kabla ya mtaalamu kufika na vioo vyake.

Ila pua ina mipaka. Fumonisini, sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na moja ya njia zilizowafikisha watafiti huko ilikuwa ugonjwa wa farasi waliokula mahindi yenye ukungu na ubongo wao ukaharibika. Farasi wale walikula. Hivyo muuzaji anayesema kwamba mbona mifugo ya jirani imekula bila shida hajajibu chochote. Mnyama akikataa, kuna sababu ya kuuliza; akikubali, muuzaji hajapata cheti.

Muuzaji anadaiwa nini, basi? Cicero, mwanasheria wa Roma, aliandika mwaka 44 KK juu ya mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na meli ya nafaka wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine nyingi ziko njiani na bei itaanguka keshokutwa. Aseme, au auze kwanza? Cicero aliwaleta wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babiloni alishikilia kwamba kunyamaza si sawa na kuficha: muuzaji atangaze kasoro ambazo sheria inamtaka azitangaze, asiseme uongo, na mengine amwachie mnunuzi macho yake. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa. Kwake binadamu wamefungwa pamoja na udugu wa asili, na anayemwacha mwenzake aingie hasarani kwa kutojua, huku yeye akijua, ameuvunja udugu huo hata kama hajatamka neno la uongo. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater.

Hoja ya Diogenes si ya kipuuzi. Kila soko lina ujuzi unaolipwa, na mfanyabiashara wa Tunduma anayeijua bei ya ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kabla ya wengine amelipia ujuzi huo kwa nauli na usingizi. Lakini hoja hiyo inasimama juu ya mguu mmoja: macho ya mnunuzi. Diogenes anaamini kwamba mwenye kununua anaweza kujilinda kwa kuangalia. Katika kiroba kilichoshonwa, au robota lililofungwa kamba na kukazwa kwa mashine, macho hayafiki, na ulimi unaoweza kuhukumu haukuwepo sokoni. Mguu huo ukiondoka, hoja yote inaanguka.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliligusa jambo hili akimtumia farasi. Katika sehemu ya kitabu chake kikuu inayohusu udanganyifu wa kuuza na kununua, alitofautisha kasoro mbili. Farasi mwenye jicho moja hahitaji kutangazwa, maana chongo linaonekana na bei inaweza kupunguzwa kimyakimya. Kumuuza farasi anayechechemea kana kwamba ni wa mbio, au chakula kilichooza kana kwamba ni kizima, ni jambo jingine, kwa sababu kasoro hiyo imejificha na inaleta hasara au hatari. Hapo muuzaji analazimika kusema. Akinyamaza, amedanganya.

Na Waislamu wana kisa kinachofika karibu zaidi na ghala la nyasi kuliko vyote, kilichopokewa katika Sahihi ya Muslim. Mtume Muhammad alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali. Mwenye mali akajibu kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Kisa hiki kina uzito kwa mkulima kwa sababu hakimlaumu kwa mvua. Kila aliyewahi kukata nyasi anajua wingu moja la mchana linavyoharibu kazi ya siku nne. Kosa lilianza pale mkono wa mwenye mali ulipochagua kipi kiwe juu na kipi kiwe chini.

Mafundisho hayohayo yanamkataza mfugaji kuacha kumkamua ngamia au mbuzi siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Aliyeuziwa mnyama wa namna hiyo ana siku tatu za kumrudisha, akimpa muuzaji pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Utaratibu huu una busara kubwa: unakubali kwamba ukweli wa mnyama haujulikani kwenye meza ya malipo. Unajulikana nyumbani, baada ya siku mbili tatu, na haki lazima iusubiri.

Pembeni ya hayo, karatasi nyingi za risiti Afrika Mashariki zimechapwa onyo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wauzaji huliamini onyo hilo kama amri ya kumi na moja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, haiko hivyo: mnunuzi akimjulisha muuzaji wa bidhaa hizo matumizi aliyokusudia, na akautegemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa kufaa kwa matumizi hayo. Ila sheria hiyohiyo humbana mnunuzi pia. Akikaa na mali kwa muda usio wa kawaida bila kusema kwamba ameikataa, inahesabiwa ameipokea. Ndiyo maana anayelisha marobota 60 kisha akaenda kulalamika juu ya marobota 100 hapati msikilizaji, na anayesema siku ya pili, akiwa ameacha marobota mawili bila kuyafungua na ametunza konzi chache za lile lililofunguliwa, anazungumza akiwa na kitu mkononi.

Wamoraviani wenyewe wana historia ya duka. Herrnhut, kijiji cha Ujerumani ambako kanisa lao lilizaliwa upya mwaka 1727, kilikuwa na duka la ushirika ambalo mfanyabiashara Abraham Dürninger alilichukua mwaka 1747 na kulikuza hadi likawa kampuni ya biashara ya kimataifa. Alisifika kwa kuuza kwa bei moja isiyobadilika, wakati ambapo kupatana bei kulikuwa ndiyo ada. Mtoto akitumwa dukani, alilipa sawa na baba yake. Dürninger aliona kwamba duka lisimwadhibu mteja kwa kutojua. Urithi huo ulifika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wamisionari, kabla ya hospitali ya misheni na kabla ya kahawa kuwa tegemeo la wilaya.

Kahawa nayo imewafundisha wakulima wa Mbozi kitu ambacho wauzaji wa pumba wangeweza kukiazima. Mkulima anakubali kahawa yake ionjwe. Anakubali kwamba mtu asiyemjua atakoroga kikombe, atavuta funda, atatema, na kusema kama kuna ladha ya ukungu au ya kuchacha, na bei itafuata neno hilo. Hasemi muonjaji anadeka. Kama ulimi wa mtaalamu unaheshimiwa katika kahawa ya kwenda Ulaya na Japani, pua ya ng'ombe inastahili nafasi katika pumba za kutoka Mlowo.

Kinachozuia si ujinga. Ni aibu, na udugu. Muuzaji ni shemeji, au anaimba kwaya moja na mke wa mnunuzi, au ndiye aliyekopesha pumba msimu uliopita mtoto alipolazwa. Mnunuzi anaona ni afadhali ameze hasara kuliko kuharibu uhusiano. Huo ni uungwana, na jamii haziishi bila huo. Lakini hapa uungwana unakosea mlango, maana anayesamehe siye anayeumia. Mtu akiuziwa unga mbovu wa ugali wake anaweza kusema yameisha, tumbo ni lake. Akiuziwa nyasi mbovu za farasi au pumba mbovu za ng'ombe, hana mamlaka ya kutoa msamaha kwa niaba ya mnyama kisha akamlisha mzigo uleule. Kunyunyizia maji ya chumvi au molasi kwenye mabua makavu yaliyo mazima ni ufugaji mzuri, kunampa mnyama hamu. Kunyunyizia molasi ileile juu ya ukungu ili harufu isisikike ni kufanya kile alichofanya mwenye lundo la nafaka: kuficha cha chini kwa cha juu. Tangu dakika hiyo aliyedanganywa amekuwa mdanganyifu.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliitaja sheria ya Musa ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, kisha akauliza kama Mungu anawajali ng'ombe, au anayasema hayo kwa ajili ya wanadamu. Paulo alitaka kuwatetea watenda kazi wa Injili, hivyo akaivuta sheria upande wa watu. Wanyiha wa Mbozi waliweza kulisoma swali hilo kwa lugha yao mwaka 1913, Agano Jipya la Kinyiha lilipochapwa kutokana na kazi ya mmisionari Traugott Bachmann, aliyeishi Mbozi hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Miaka mitatu baadaye majibu yalifika kwa namna ya kutisha.

Mwezi Mei 1916 vikosi vya Kiingereza vya Jenerali Northey viliingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na moja ya ngome za Kijerumani vilizozilenga ilikuwa Igamba, ndani ya Mbozi ya leo. Katika vita vile vya Afrika Mashariki farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu, na mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu na magonjwa mengine ya tumbo. Chakula kilichangia. Watu waliolelewa kwa ndizi, mihogo au viazi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila muda wala kuni za kuuivisha. Aliyeununua unga ule hakuula. Aliyeula hakuulizwa. Sheria ya kinywa cha ng'ombe na haki ya mpagazi vilikuwa kitu kimoja, na Paulo hakuhitaji kuchagua kati ya hivyo viwili. Kila mahali ambapo mmoja hununua na mwingine hula, iwe bweni la shule, gereza, wodi au kambi ya wakimbizi, kigezo cha hori kinarudi.

Na hori halikomi kwenye hori. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua aflatoksini, sumukuvu ambayo mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili. Kikombe cha mtoto kinapokea siri ambayo watu wazima wawili walikubaliana kuinyamazia.

Inabaki hali ngumu kuliko zote, ile ambayo hakuna aliyejua. Muuzaji alinunua kwa nia njema, akauza kwa nia njema, na pumba zikawa mbovu. Fiqhi ya Kiislamu humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali yenye kasoro iliyokuwepo kabla ya makabidhiano, hata kama muuzaji hakuijua. Akwino alisema muuzaji wa namna hiyo hana dhambi, lakini akishaijua kasoro anawajibika kufidia. Sheria ya Sura ya 214 nayo haimhitaji mnunuzi athibitishe kwamba muuzaji alijua. Muuzaji wa Mbozi Mission anaweza kuliona hilo ni uonevu, na kwa mfuko wake ni zito kweli. Ila kati ya watatu waliohusika, yeye ndiye pekee anayejua mzigo ulitoka wapi. Akivichukua viroba vyake na kurudisha fedha, risiti ya mashine ya Mlowo itampa pa kuanzia kudai chake. Na kabla ya kupanda bodaboda kwenda huko anapaswa kuwapigia simu wateja wengine waliochukua pumba za siku ileile, kwa sababu huenda ng'ombe wao bado wanakula.